Mshono wa Mkono

Mama yangu aliandika wasiwasi wake kwenye karatasi mbili za daftari, akazikunja na kuzichomeka kwenye begi langu, chini ya sweta. Nilizisoma ndegeni. Kulikuwa na baridi, chakula, lugha, wanaume, maji ya bomba, na mawakala wa vyuo hewa. Lakini neno lililorudiwa mara tatu, kila mara kwa herufi kubwa kuliko mwanzo, lilikuwa pasipoti. Usimpe mtu pasipoti. Usiache pasipoti chumbani. Huko ugenini pasipoti ndiyo mama yako. Na chini kabisa, kwa kalamu ya rangi nyingine, inaonekana alikumbuka akiwa amekwisha kumaliza, aliongeza kwamba nijihadhari zaidi na mtu atakayenisalimia kwa Kiswahili.

Mama hakuwa mtu wa roho mbaya. Alikuwa fundi cherehani Njombe mjini, na kibandani kwake zilipita habari zote za dunia. Kila mwenye ndugu ng'ambo alikuwa na kisa, na kila kisa kiliishia kwa Mtanzania mwenzako. Huyu alimwekea mwenzake mzigo wa ajabu kwenye begi, yule alimchongea mwenzake kwa mwenye nyumba, mwingine aliuza pasipoti ya mtoto wa watu. Sikuwahi kusikia kisa hata kimoja cha Mtanzania aliyetapeliwa na Mchina. Bila shaka walikuwapo wengi, ila kisa cha namna hiyo hakikuwa na utamu kibandani. Nilipanda ndege nikiwa nimekwisha kumwogopa mtu ambaye sijakutana naye.

Nilifika Guangzhou mwezi wa tatu, mwaka wa michezo mikubwa ya Beijing, kusoma Kichina kwa mwaka mmoja na baada ya hapo famasia. Hatukujua kwamba tumechagua mwaka mbaya. Nchi nzima ilikuwa inafagiliwa kwa ajili ya wageni wa michezo, na sisi wageni wa siku zote ndio tuliokuwa taka. Wafanyabiashara waliozoea viza za mwaka walipewa za siku thelathini, na wakiomba kuongezewa waliambiwa meiyou, hakuna, neno la kwanza ambalo kila Mwafrika wa mji ule alilijua. Kwenye barabara ya Huanshi Zhonglu askari walisimama chini ya daraja la waenda kwa miguu wakidai karatasi kwa kila mtu mweusi. Tuliambiwa michezo ikiisha mambo yatalegea. Michezo ikaisha, wageni wakaenda zao, msako ukabaki.

Bwenini nilipangiwa chumba na msichana wa Kihindi kutoka Kerala, aliyekuwa anasoma udaktari. Naye alikuja na orodha, ya baba yake, imechapwa kwa kompyuta na kufunikwa plastiki. Siku ya kwanza tulizitandaza kitandani, ya mama na ya baba, tukatafsiriana kwa Kiingereza chetu. Zilifanana kiasi cha kutia aibu. Baridi ilikuwapo, wanaume walikuwapo, wakala tapeli alikuwapo, na Mhindi mwenzako alikuwapo, tena kwa wino mzito. Tofauti ilikuwa kwenye nyama tu: baba yake alimkataza ya ng'ombe, mama yangu alinikataza nyama yoyote ambayo sijamwona mnyama wake. Nyuma ya plastiki ile, kwa mkono wake mwenyewe, msichana alikuwa amekwisha kuanza orodha nyingine, kwa sababu alitaka akimaliza pale aende Ujerumani. Wasiwasi wa Ulaya ulikuwa umefika namba tisa kabla hajazoea chakula cha China. Tulicheka mpaka machozi. Kisha kila mmoja akamgeuzia mwenzake mgongo akaficha pasipoti yake.

Yake ilikaa kwenye kijimfuko cha kitambaa shingoni, akaoga nayo. Yangu ilihamahama. Ilikaa chini ya godoro, ikahamia kwenye mfuko wa mchele, ikahamia ndani ya kamusi niliyoichana tumbo kwa wembe, jambo linaloniuma mpaka leo kwa sababu kamusi ile ilikuwa nzuri. Kila nilipoificha nilimwona Mhindi wa watu akitazama upande ule. Siku moja aliniuliza kibali changu cha kuishi kinaisha lini. Nikamwambia sikumbuki. Nilikumbuka vizuri mno. Kilikuwa kinaisha mwanzoni mwa mwezi wa tatu mwaka unaofuata, na kisipoongezwa ningerudishwa nyumbani bila famasia, na shamba la miti aliloliuza mama lingekuwa limekwenda bure.

Mama mmoja wa Kitanzania nilikutana naye kwenye ngazi za jengo moja la nguo za jumla, barabara ya Guangyuan Xilu. Nilikuwa nimekwenda kushangaa bei. Yeye alisimama katikati ya wapagazi na mikokoteni yao, mwanamke wa makamo, mfupi, kitenge juu ya suruali, akibishana na mwenye duka kwa Kiswahili kitupu huku mwenye duka akimjibu kwa Kichina kitupu.

"Laoban, jana si ulisema thelathini na tano? Mbona leo arobaini? Mimi sina macho?"

Laoban ni bosi, na kila mwenye duka alikuwa laoban. Nikaingilia, nikatafsiri sentensi mbili, bei ikarudi ya jana. Yule mama akanigeukia.

"Wewe binti, mtoto wa wapi?"

"Shikamoo mama. Njombe."

"Kamwene!" alipiga kelele, salamu ya kwetu, mpaka wapagazi wakageuka. "Mimi wa Makambako! Jamani, si hapo hapo tu! Umekula?"

Alikuwa ndiye, hakikukosekana kitu: salamu, Kiswahili, sura ya shangazi, na haraka ya kunipenda. Kila alichokiandika mama kwa kalamu ya pili kilikuwa kimesimama mbele yangu kinaniuliza kama nimekula. Nilikwenda naye hata hivyo, kwa sababu alisema nyumbani ana maharage.

Alikuwa mjane, mwimbaji wa kwaya, na alikuwa na duka la nguo Makambako karibu na stendi. Guangzhou alipanga chumba na sebule ghorofa ya sita, kwenye jengo la nyuma ya Huanshi Zhonglu, na marobota yalipanda hadi dari. Kila Jumamosi nilimtafsiria sokoni, naye akanilisha. Mwanafunzi hakuruhusiwa kufanya kazi, kwa hiyo sisi tuliita kutembeleana. Pembeni ya dirisha alikuwa na cherehani ya umeme. Nguo za jumla hazikosi kasoro, zipu imegeuka, pindo limefumuka, na ukimrudishia mwenye duka anakwambia meiyou, hivyo alizirekebisha mwenyewe kabla ya kufunga. Sauti ya cherehani ile ilinikumbusha kibanda cha mama. Wakati mwingine nilipanda ngazi polepole ili niisikie kabla ya kubisha.

Na bado sikumwamini. Mtu anayekupa chakula kila wiki na hadai kitu, anataka nini? Nilimchunguza vizuri. Zaidi ya mimi na wafanyabiashara wawili wa Dar, hakumwambia mtu yeyote anaishi ghorofa ya ngapi, alishuka mwenyewe kukutana na watu. Kuanzia mwezi wa kumi na moja aliacha kutoka siku za kazi, akawa ananituma mimi hata vocha ya simu. Mlango ukigongwa alizima cherehani na kuniwekea kidole mdomoni, tukakaa kimya mpaka nyayo zikapungua kwenye ngazi. Mara moja, akikuna nazi ya kutia kwenye maharage, aliniuliza bila kuinua uso, "Mwanangu, viza yako inaisha lini?" Swali lile lile la Mhindi. Nikamjibu sikumbuki. Akasema nikumbuke, nisije nikazubaa. Mimi nikaweka akilini kwamba ameuliza.

Mwezi ule ule wa kumi na moja alinipeleka soko la Zhanxi kutafuta jaketi. Guangzhou haina baridi ya Njombe, lakini nyumba zake hazijui joto, na bwenini tulisoma tumejifunika mablanketi. Nilitaka jaketi moja. Mwenye duka alicheka, jumla ni jumla, kuanzia sita. Yule mama alimshika mkono, akamwita laoban, akamwita mwanangu, akamwambia tai gui, ghali mno, akajifanya anaondoka mara tatu, na mara ya tatu tukapewa mawili. Yalikuwa sawasawa kabisa, ya kijivu, yenye pamba ndani na kofia nyuma, maana mimi na mama yangu tunavaa saizi moja. Moja langu. La pili la mama, kwa baridi ya mwezi wa sita, likaachwa kwa yule mama kwenye mfuko wake likisubiri robota.

Ndipo nilipopata maficho ya mwisho. Jumapili moja, Mhindi amekwenda maabara, nilifumua bitana ya jaketi langu chini mgongoni, nikaingiza pasipoti, nikashona kwa mkono. Nilitumia mshono alionifundisha mama nikiwa darasa la nne, ule wa kurudi nyuma, sindano inarudi nusu hatua kila inapotoka, na mwisho fundo mara mbili. Mama husema mshono ule haufumuliwi na mtu ila mwenye nia. Nilijisifu peke yangu. Kwa askari wa barabarani kadi ya chuo na kopi ya pasipoti vilitosha, na mimi nilitembea na mama yangu mgongoni bila mtu kujua. Kwa mara ya kwanza tangu nifike nililala usingizi mzito.

Wiki mbili kabla ya mwaka mpya wa Kichina mji mzima huchanganyikiwa. Viwanda vinafungwa, na mzigo unaokosa meli unasubiri mwezi mzima. Jumamosi ya kufunga robota la mwisho tulifanya kazi tangu asubuhi, tukikanyaga nguo ili zishuke, jasho likitutoka kama tuko Dar. Nilivua jaketi nikalitupa kitandani. Yule mama alitoa lile la mama yangu kwenye mfuko lilimokuwa, akajaribu zipu, akaridhika, akaliweka kitandani pia. Nikashuka chini kumtafuta mpagazi. Niliporudi nilichukua jaketi la mama, nikalikunja, nikalibana juu ya suruali za watoto pamoja na karatasi yenye namba ya simu ya nyumbani.

"Hilo silichanganyi na ya dukani," alisema. "Hilo nitalifikisha mwenyewe mkononi mwa mama yako."

Akatunga kamba kwenye shazia, ile sindano nene ya magunia, akashona mdomo wa robota. Alipomaliza aliliwekea mkono juu akaomba lifike salama, mpagazi akalishusha. Mimi nilikuwa nimechoka na ninaona joto. Nikachukua jaketi langu, nikalitia mkononi, nikaenda zangu.

Jumanne ofisi ya wanafunzi wa kigeni ilibandika tangazo. Wote ambao vibali vyao vinaisha kabla ya mwezi wa nne walete pasipoti, mwisho Ijumaa, baada ya hapo ofisi inafungwa kwa sikukuu. Nikafunga mlango, nikatoa jaketi kwenye msumari lilipokuwa tangu Jumamosi, nikaligeuza nje ndani, nikashika wembe.

Kitu cha kwanza nilichokiona ni mshono. Ulikuwa wa mashine. Ulinyooka kutoka ubavu mmoja hadi mwingine, hatua zote sawa, hakuna mahali sindano iliporudi nyuma, hakuna fundo. Mtoto wa fundi cherehani haambiwi mambo hayo. Nilifumua upande mzima, nikaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Ilikuwa pamba tu.

Nilikaa sakafuni. Kichwa, namshukuru nani sijui, kilikuwa kinafanya kazi kwa kasi ya ajabu. Mhindi? Mhindi alikuwa na sindano moja, na mimi ndiye niliyempa. Mtu aliyefungua jaketi hili alilishona kwa mashine. Nani ana mashine? Nani alibaki peke yake na jaketi langu nilipokwenda kumtafuta mpagazi? Nani aliuliza viza yangu inaisha lini, nani anaogopa mlango? Kila kitu kilikaa mahali pake. Ninaona haya kusema, lakini pamoja na woga nilisikia furaha kidogo. Mama yangu alikuwa ameona mbali, na mimi sikuwa mjinga wa kumwamini mtu moja kwa moja.

Jumatano nilipanda zile ghorofa sita bila kupumzika. Walikuwapo wale wafanyabiashara wawili wa Dar, wamekuja kula. Sikusalimia.

"Mama, naomba pasipoti yangu."

"Pasipoti ipi, mwanangu?"

"Ile uliyoitoa humu, ukashona kwa mashine." Nikamtupia jaketi.

Wale wawili waliacha kutafuna. Yule mama alivaa miwani yake, akalisogeza jaketi dirishani, akapitisha kidole kwenye kipande cha mshono ambacho sikukifumua. Alitazama muda mrefu, kama anavyotazama fundi.

"Uzi huu si wangu," alisema. "Huu wa kiwandani."

"Uzi unauzwa kila mahali."

Alifungua begi lake, akainua godoro, akasogea pembeni. "Tafuta." Na mimi nikatafuta. Nilitia mikono kwenye nguo za mjane yule mbele ya wanaume wawili, nikakung'uta hata Biblia yake. Kitu kimoja tu alinikatalia. Pasipoti yake mwenyewe alikuwa ameishika kifuani kwa mikono miwili, na niliponyoosha mkono akarudi nyuma.

"Hii yangu usiifungue, mwanangu. Nakuomba."

Nikamwuliza anaficha nini kama hana anachoficha. Alikaa kwenye kiti cha cherehani, akasema kwa sauti ya chini kwamba niende polisi kesho asubuhi, maana bila karatasi ya polisi ubalozi hautanipa pasipoti nyingine, na siku zinakwenda. Hata alinielekeza kituo.

"Ila kitu kimoja," alisema. "Wakikuuliza umepotezea wapi, sema barabarani. Hapa usipataje."

"Kwa nini?"

"We sema barabarani tu. Utapata karatasi ile ile."

Nilimtazama, nikasema moyoni, sasa umejifunga mwenyewe.

Mhindi alinisindikiza Alhamisi. Nilipewa fomu ndefu. Jina, chuo, namba ya pasipoti, tarehe, na mahali ilipopotea. Askari alikuwa kijana mpole, alituletea maji ya moto kwenye vikombe vya karatasi. Hakuna aliyenibana, hakuna aliyenitisha. Ningeandika barabarani angegonga muhuri. Niliandika jengo, ghorofa ya sita, na namba ya mlango, kwa herufi za Kichina, na herufi zangu siku ile zilikuwa nzuri kuliko nilizowahi kuandika kwenye mtihani. Mhindi alichungulia begani kwangu.

"Una hakika?" aliniuliza.

"Hakika kabisa," nikasema.

Ijumaa mmoja wa wale wawili wa Dar alinipigia simu. Polisi walikuwa wamekwenda kwa yule mama asubuhi. Hawakuuliza habari za pasipoti yangu kwa muda mrefu, waliuliza ya kwake. Viza yake ilikuwa imekwisha tangu mwezi wa kumi na moja. Walimnyima nyongeza wakati kiwanda hakijamkabidhi mzigo, na yeye, kwa kuwa nusu ya mzigo ule ulikuwa wa wanawake wenzake wa kwaya waliomwamini, akaamua kukaa mpaka kontena lifungwe. Lilikuwa limefungwa. Tiketi alikwisha kukata, ya Jumatatu.

"Umefurahi?" aliniuliza yule bwana, kisha akakata.

Polisi walimweka yule mama ndani wiki mbili, wakampandisha ndege, wakamfungia asirudi kwa miaka kadhaa. Pasipoti yangu hawakuiona. Mimi nikasema ni kwa sababu ameshaiuza. Nilisema hivyo kwa Mhindi, nikasema hivyo kwa mama kwenye simu bila kumtaja mtu, nimeibiwa tu, na mama akasema si nilikwambia. Nilipata karatasi ya polisi, nikapata pasipoti mpya kutoka Beijing, nikaongezewa kibali zikiwa zimebaki siku nne. Nikaanza famasia. Jumamosi nilikula kwenye kantini ya chuo, wali na mchicha wao wa mafuta, nikajiambia maharage ya tapeli sina haja nayo. Na nililala vizuri tu. Hilo ndilo ninalolionea aibu kuliko yote.

Mwishoni mwa mwezi wa tatu, Jumamosi mchana, mama alinipigia. Mama hakuwa mtu wa kupiga, alikuwa mtu wa kubipu, kwa hiyo nilijua kuna jambo.

"Jaketi limefika," alisema. "Zuri mno. Kaleta mwenyewe yule mama wa Makambako unayemtafsiria. Kapanda basi na jaketi kalishika mkononi, hataki hata nauli. Kanywa chai hapa. Kasema unasoma sana, kasema una adabu."

Nilikaa kitandani.

"Upo? Sasa sikiliza. Kaondoka, nikasema nilivae. Nikasikia kitu kigumu hapa mgongoni. Nimefumua. Mwanangu, pasipoti yako inafanya nini huku?"

Nilitazama msumari. Jaketi la kijivu lilikuwa linaning'inia pale, bitana imechanika, halijavaliwa hata mara moja tangu siku ile. Niliinuka nikalinusa. Chini ya vumbi la bwenini lilikuwa bado lina harufu ya duka.

Mama alikuwa amekwisha kupata jibu lake. "Basi ndiye! Ndiye aliyekuibia! Kaona moto umewaka, kaogopa, kairudisha kijanja ndani ya nguo. Na nilivyomwona anavyotabasamu! Nilikuandikia au sikukuandikia?"

Mlango wa kujiokoa ulikuwa wazi. Ningesema ndiyo mama, uliniandikia, na yeye angekwenda kibandani kesho akakisimulia, na kisa kingekuwa kitamu kuliko vyote, na jina la mjane yule lingefika Makambako kabla ya jioni. Ninakiri kwamba nilisimama kwenye mlango huo. Sijui kwa muda gani, labda kwa pumzi mbili.

"Mama," nikasema, "angalia mshono."

"Mshono gani? Si nimeshafumua?"

"Angalia ulipobaki."

Nikasikia ndala zake zikielekea mlangoni, kwenye mwanga. Nikasikia anaweka simu mezani, anaitafuta miwani. Kisha sauti yake ikaja kwa mbali, akijisemea kama anavyojisemea kazini.

"Wa mkono... Unarudi nyuma... Fundo mara mbili." Akaichukua simu. "Huu mkono wako."

"Ndiyo, mama."

"Uliishona mwenyewe."

"Niliishona mwenyewe. Na mwenyewe nikakosea jaketi nilipolitia kwenye robota."

"Sasa yeye kwa nini karudi kabla ya mzigo wake? Nimemwuliza, kasema ni mambo ya karatasi tu."

Nikamweleza. Nilimweleza mashine, na uzi, na nguo zake nilivyozikung'uta mbele ya wanaume, na alivyoniomba niseme barabarani, na nilivyoandika namba ya mlango. Sikuacha kitu. Nilikuwa nalia, lakini nilieleza mpaka mwisho, na mama hakunikatiza hata mara moja, jambo ambalo hajawahi kulifanya maishani mwake.

"Alikaa hapa saa nzima," alisema hatimaye. "Kwenye kiti cha wateja. Kaniuliza kama miguu bado inaniuma, kasema ulimwambia."

"Ndiyo, mama."

"Na mimi muda wote alipokuwa anakunywa chai," alisema, "mkoba wangu nilikuwa nimeukalia."